Kumi kwa Kumi Inaficha Nini?

Kila wanachuo wetu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Mwanza na za kandokando ya Ziwa, kazi yetu sisi wakufunzi ni kuketi nyuma ya darasa, andalio la somo mkononi, na kuangalia. Tumeketi nyuma ya madarasa mengi. Jambo lililotusukuma kuandika makala haya tuliliona katika darasa la tatu la shule moja iliyo karibu na maji, kiasi kwamba dirishani huonekana mitumbwi ikirudi na dagaa. Mwanachuo alikuwa akifundisha kutoa. Somo lilikwenda vizuri. Zana zilikuwapo: vizibo vya soda, na vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mwishoni alitoa maswali kumi ubaoni, akasahihisha, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele akapata kumi kwa kumi. Alisimamishwa, wenzake wakampigia makofi. Tulipoliazima daftari lake tuliona kwamba maswali yote kumi yalikuwa ya namna ya 43 − 21 na 87 − 52, yaani tarakimu ya juu ilikuwa daima kubwa kuliko ya chini. Tukaandika chini yake swali moja tu: 52 − 38. Mtoto hakusita. Aliandika 26.

Ndugu wanachuo, yafaa tukae na jibu hilo kidogo kabla ya kulipiga mkasi. Mtoto hakuteleza, wala hakubahatisha. Alikuwa na kanuni yake kamili: katika kila safu, toa ndogo katika kubwa. Kutoka 8 toa 2, pata 6. Kutoka 5 toa 3, pata 2. Kanuni hiyo ilimtumikia kwa uaminifu katika maswali yote kumi ya mwanzo, na mwalimu wake, kwa kumpigia makofi, akaitia muhuri. Kumi kwa kumi ya daftari lile ilipima namna maswali yalivyochaguliwa kuliko ilivyompima mtoto.

Tungependa kulijadili jambo hili kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, nayo ni utafiti wa mashine zinazojifunza, ambazo siku hizi huitwa kwa jumla akili mnemba. Tuna sababu mbili. Kwanza, watafiti wa mashine hizo wamejikwaa kwenye jiwe lile lile alilojikwaa mwanachuo wetu, na kwa kuwa kosa lao hugharimu fedha na sifa, wamelazimika kuunda utaalamu mzima wa kulitafuta kosa lilikojificha. Pili, mashine hizo zimekwisha kuingia katika mashamba ya shule zetu, ndani ya simu za mikononi, na mwalimu atakayezipokea bila kujua zinavyokosea atawakosesha na wengine.

Kwanza tueleze mashine hujifunzaje. Hupewa picha nyingi, kila moja na jina lake: hili ni jani zima, hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia. Ndani ya mashine mna namba, mara nyingi mamilioni, ambazo mwanzoni huwekwa ovyo tu, hivyo majibu yake ya kwanza ni ya kubahatisha. Baada ya kila fungu la picha, namba hizo hubadilishwa kidogo kuelekea upande unaopunguza makosa. Wenye kuijua Mwanza wanavijua vilima vyake vya mawe. Mfikirieni mtu aliyeachwa usiku wa kiza juu ya kilima cha Bugando, bila taa, akaambiwa ateremke hadi ziwani. Haoni maji. Anachoweza ni kupapasa kwa mguu huku na huku, kuweka hatua upande unaoteremka zaidi, kisha kupapasa tena. Kimo cha kilima ndicho wingi wa makosa ya mashine, na kila hatua ni badiliko dogo la zile namba. Kujifunza kwa mashine, basi, ni utafutaji: kupapasa mteremko hadi pasipoteremka tena.

Lakini angalieni hatari yake. Mtu yule anaweza kuishia katika shimo baina ya majabali, akakaa pale akidhani amefika. Na zaidi ya hayo, mteremko hauulizi sababu. Njia yoyote inayopunguza makosa huipendeza mashine, hata kama haihusiani kabisa na ugonjwa wa jani.

Ushahidi upo. Mwaka 2016 Mohanty, Hughes na Salathé walitangaza matokeo ya mashine iliyofundishwa kutambua magonjwa ya mimea kwa picha 54,306 za mkusanyo uitwao PlantVillage, za mazao 14 na magonjwa 26. Ilipojaribiwa kwa picha za mkusanyo ule ule ambazo haikuwa imezitumia kujifunzia, ilipata asilimia 99.35. Wengi wetu tungepiga makofi. Watafiti wenyewe, na kwa hili tunawapa heshima, waliipa pia picha zilizopigwa katika mazingira mengine. Alama zikaporomoka hadi asilimia 31.4. Mwaka 2022 mtafiti Noyan akaonyesha chanzo kimojawapo. Picha za mkusanyo ule nyingi ni za jani moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu kisicho na mapambo. Yeye alichukua pikseli 8 tu, yaani vitone vinane, kutoka nyuma ya jani, mahali ambapo hapana jani lolote, akafundishia mashine nyingine kwa vitone hivyo. Ilipata asilimia 49.0, ilhali mwenye kubahatisha tu angepata 2.6. Maana yake ni kwamba meza na karatasi zilizolaziwa majani zilikuwa zikinong'ona majibu. Mashine ilikuwa na kanuni yake ya toa-ndogo-katika-kubwa, na mtihani haukuwa na hata swali moja la kuiumbua.

Muhogo haukuwamo katika mkusanyo huo, nao ndio unaotuhusu zaidi sisi wa kandokando ya Ziwa. Watu wa Ukerewe na Sengerema hawahitaji kuelezwa thamani yake, wala hawahitaji kukumbushwa janga la batobato kali lililozuka Uganda na kuteremka hadi upande wetu katika miaka ya 1990. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, ni jirani yetu, na wanachuo waliozuru huko wameona jinsi magonjwa haya yanavyoenezwa na inzi weupe na kwa vipando vilivyotoka katika shamba gonjwa. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake zima ni gonjwa atang'oa chakula cha watoto wake. Akiambiwa kwamba shamba gonjwa ni zima atawagawia majirani vipando vya ugonjwa.

Katika mwaka 2017 Ramcharan na wenzake walieleza mashine iliyofundishwa kwa picha za muhogo zilizopigwa shambani nje ya Bagamoyo, nayo ikapata asilimia 93. Walipoitia ndani ya simu na kuipeleka shambani hapa hapa Tanzania, ikapimwa kwa vijani 720 vyenye maradhi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalikuwa mengine: hata kwa dalili zilizo wazi kipimo chao kilishuka kwa asilimia 32, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mashine iliviacha vijani vigonjwa bila kuvitambua. Twaona kuwa kazi ile ni ya kusifiwa hasa kwa sababu walitoka nje wakaenda kulitafuta anguko lao wenyewe, kisha wakalichapisha. Programu za namna hiyo zimeendelea kuboreshwa tangu hapo. Hata hivyo, sisi tulipojaribu programu moja katika shamba la shule, jani lile lile likiwa juani, kisha kivulini, kisha juu ya daftari lililofunguliwa, tulipata majibu mawili tofauti. Wanachuo walicheka. Nasi tulicheka, lakini tukawataka waandike majibu yote matatu.

Sasa tuje kwenye utafutaji wa aina ya pili, ambao ndio kiini cha hoja yetu. Ikiwa mashine hujifunza kwa kuteremka kilima cha makosa, mtafiti anayetaka kujua udhaifu wake hugeuka na kukipanda. Huishika picha, huuliza ni upande upi wa kuibadilisha kidogo ili kosa liongezeke, hubadilisha upande huo. Mwaka 2013 Szegedy na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko madogo kabisa, jicho la mtu lisiyoyatambua, hutosha kuipotosha mashine iliyofaulu vizuri. Mwaka uliofuata Goodfellow na wenzake walitoa mfano uliokuja kujulikana sana: picha ya panda, yule mnyama wa China afananaye na dubu, mashine iliitambua sawasawa kwa uhakika wa asilimia 57.7, ilipoguswa kidogo kwa njia hiyo, mashine ikasema ni giboni, jamii ya sokwe wadogo wa Asia, kwa uhakika wa asilimia 99.3. Tafadhali litazameni hilo la uhakika. Ilipokuwa sahihi ilikuwa na wasiwasi. Ilipokosea haikuwa nao. Nasi tulikwisha sema kwamba mtoto wetu hakusita alipoandika 26.

Mbinu hiyo ya kupanda kilima humtaka mtafiti azione namba za ndani ya mashine. Mara nyingi hana ruhusa hiyo, na hapo hutumia mbinu nyingine: hubadilisha kitu kimoja, huuliza, husikiliza jibu. Jibu likisogea upande wa kosa, hulibakiza badiliko lile na kuendelea kutoka hapo. Lisiposogea, hulitupa na kujaribu jingine. Kwa upapasaji wa namna hii watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha mwaka 2017 kwamba katika picha ndogo nyingi kubadilisha pikseli moja tu kulitosha kuipotosha mashine.

Mwalimu yumo katika hali hii ya pili siku zote. Hawezi kukifungua kichwa cha mtoto akazisoma namba. Anacho kitu kimoja, nacho ni swali, na jibu la kila swali ndilo linalopaswa kumchagulia swali linalofuata. Wanachuo wengi hutunga maswali kumi jioni moja kabla hawajasikia jibu hata moja, aghalabu kwa kuyachota kitabuni kwa mfuatano. Huko si kutafuta.

Tuone utafutaji ulivyo katika hesabu ile ile ya kutoa. Swali la 52 − 38 linatenga watoto wawili wenye makosa tofauti. Wa kwanza ataandika 26, kwa sababu tuliyoieleza. Wa pili ataandika 24: amejua kukopa kumi, akatoa 8 katika 12, lakini akasahau kwamba makumi yamepungua. Anayeandika 14 usimwachie makofi bado. Mpe 80 − 36. Mmoja ataandika 50, kwa kuwa anaamini kwamba sifuri haina cha kutoa na jibu la safu hiyo haliwezi kuwa jingine ila sifuri. Kosa lake lisingeonekana hata kwa maswali mia ya namna ya 52 − 38. Anayepata 44 mpe 305 − 128. Hapo atatokea mtoto ataandika 87, na mwalimu mwenye haraka atasema amebahatisha. Hakubahatisha. Alipotaka kukopa kwa ajili ya mamoja aliiruka sifuri akakopa moja kwa moja kwenye mamia, 3 ikawa 2, akapata 7. Akafika kwenye makumi, akakuta sifuri ile ile, akakopa tena kwenye mamia, 2 ikawa 1, akapata 8. Kisha 1 toa 1. Kila hatua ina mantiki yake.

Watu walikwisha kuliona hili zamani. Mwaka 1978 Brown na Burton, huko Marekani, walieleza programu ya kompyuta iliyoitwa BUGGY, iliyochezwa na walimu wanafunzi kama ninyi. Kompyuta ilijifanya mtoto mwenye kosa moja la kudumu. Mwalimu mwanafunzi alionyeshwa hesabu chache zilizokosewa, naye akatakiwa kutunga maswali mapya, ambayo kompyuta iliyajibu kwa kosa lile lile. Alipodhani amelijua, alitakiwa athibitishe kwa kujibu maswali mapya vile ambavyo mtoto yule angekosea. Twaona sharti hili la mwisho ni zuri kupita yote. Kusema "mtoto huyu ni mzembe" hakukuwezeshi kutabiri ataandika nini katika 71 − 45. Kujua kanuni yake kunakuwezesha.

Lipo na jambo la kinga. Baada ya udhaifu wa mashine kujulikana, wengi walijitokeza na dawa. Mwaka 2018 Athalye, Carlini na Wagner walizichunguza kinga 9 zilizokubaliwa katika mkutano mmoja wa kimataifa wa mwaka huo. Waligundua kwamba 7 hazikuiondoa ile kasoro, bali ziliuvuruga mteremko, ili mpapasaji asijue aelekee wapi. Wakabadili mbinu ya kupapasa, wakazivunja 6 kabisa na moja kwa sehemu. Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka mara moja sauti moja ambayo kila mwalimu anaifahamu. "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Darasa zima, kwa pamoja, kwa wimbo. Kiitikio kile ni kinga ya namna hiyo hiyo. Kimelainisha uso wote, hapana pa kushika, wala mwalimu hajui ni nani ameachwa nyuma. Watoto wamejifunza kumzuia mwalimu asitafute, na ukweli ni kwamba sisi ndio tuliowafundisha.

Na pale ambapo hakuna aliyetafuta, kosa hukaa kwa raha. Mwaka 2023 Deng na wenzake walizijaribu mashine za mazungumzo za wakati ule kwa maombi ya hatari, yale ambayo mashine hutakiwa kuyakataa, wakiyatafsiri katika lugha mbalimbali. Kiswahili kiliwekwa pamoja na Kibengali na Kijava katika kundi la lugha zenye maandishi haba ya kufundishia mashine. Katika kundi hilo uwezekano wa kupata jibu baya ulikuwa takriban mara tatu ya ule wa lugha zenye maandishi mengi. Mashine zile zilikwisha kupekuliwa kwa uangalifu katika Kiingereza, na ulinzi wake uliishia pale upekuzi ulipoishia. Sisi tunafundisha shule za msingi kwa Kiswahili, na watoto wengi wa huku huota ndoto zao kwa Kisukuma au Kikerewe. Haitoshi kuambiwa kwamba mashine imepimwa. Hapana budi tuulize imepimwa kwa lugha gani, katika majani ya shamba la nani.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, maana sisi wenyewe tumelitoa. Madarasa yetu yana watoto themanini, mengine mia na ushei. Mwalimu atamfuatilia yupi? Hatudai kwamba kila mtoto aulizwe swali lake kila siku. Tunadai kwamba katika maswali kumi, mawili yachaguliwe kwa kusudi la kuivunja kanuni potofu unayoishuku, na kwamba majibu yaliyokosewa yapangwe kwa mafungu kabla ya kutiwa mkasi. Walioandika 26 ni fungu moja, walioandika 24 ni jingine. Katika darasa la themanini mafungu hayo huwa machache, na kila fungu linafundishika kwa pamoja.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nasi hatuna jibu jepesi. Mashine haioni haya. Unaweza kuitafutia kosa mara elfu kwa usiku mmoja, na asubuhi haikununii. Mtoto aliyekwisha kupigiwa makofi, kisha akaangushwa mbele ya wenzake kwa swali la mtego, anaweza kujifunza jambo moja tu: kwamba ni salama zaidi kuitikia na kundi. Tumeona hata walimu wazoefu wakitafuta makosa kwa jicho la askari wa forodhani. Kwa hiyo tunashauri swali la kutafutia liulizwe kwa sauti ya kawaida, pembeni, daftarini, na lisitiwe alama. Jibu likiwa na kosa, mwombe mtoto akueleze alivyofanya, nawe unyamaze mpaka amalize. Kunyamaza huku ndiko kugumu zaidi kwa mwalimu kijana, na katika fomu zetu za ukaguzi wa mazoezi hakuna hata mstari mmoja wa kukupimia. Tungependa uwekwe.

Turudi kwa yule mtoto wa darasa la tatu. Baada ya kipindi tulikaa naye chini ya mwembe, mwanachuo akiwapo, na vile vijiti. Tulimpa mafungu matano na vijiti viwili, tukamwambia atutolee thelathini na nane. Alitoa mafungu matatu bila tabu, akavitazama viwili vilivyobaki peke yake, akatutazama sisi, kisha akafungua uzi wa fungu moja. Akahesabu. Akalirudia daftari, akaifuta ile 26 kwa kidole kilicholoweshwa mate, akaandika 14. Tukampa 80 − 36, akapata. Tukampa 305 − 128, bila vijiti, akainama muda mrefu kuliko mwanzo, akaandika 87. Tulikuwa tumekwisha kunyosha mkono tulipokee daftari, lakini mwanachuo alikuwa amelichukua tayari, na alikuwa akitunga swali linalofuata.